Kwa Anitha, kuhusu ile meseji ya "usije kwanza"

Nyakanazi, Jumapili 26/1/2025

Anitha wangu, mambo, za Mwanza, mama anaendeleaje na miguu yake, watoto wameshafungua shule? Sisi huku wazima wote, na nikisema wazima namaanisha wazima kweli, hakuna mwenye homa humu ndani leo. Nimeanza na hilo maana najua ndilo unalotaka kulijua kabla ya yote.

Meseji yako ya Jumanne niliiona saa ile ile ilipoingia. "Usije kwanza shosti, mama ana wasiwasi." Na mikono miwili ya kuomba. Yaani nisije huko Mwanza kwenye send-off ya Neema, kisa Marburg, ule ugonjwa wa homa kali na kutoka damu, umesikika huku kwetu Kagera. Nimeisoma nadhani mara ishirini, mara nataka kukupigia naghairi, maana nikikupigia nitalia na wewe utalia na hatutakuwa tumeongea kitu. Ndo maana naandika hivi kwa urefu, usome taratibu ukishalaza watoto.

Kwanza nikwambie huku kulikuwaje maana naona mnayosikia huko ni nusu nusu.

Ilikuwa Jumanne tarehe 14, mchana, nimejaa wateja, madereva wa malori ya Kigali na Burundi si unajua saa saba wanavyobanana pale hotelini kwangu kula. Dereva mmoja mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa anasoma simu, akaacha kula. Akaniambia mama Kelvin, Shirika la Afya Duniani linasema kuna watu tisa wanahisiwa kuwa na Marburg Kagera na nane wamekufa, na ni Biharamulo. Biharamulo Anitha! Yaani wilaya yangu, hapa hapa. Mezani kukawa kimya, kijiko hakigongi sahani. Yule mzee akaweka hela mezani, hakunipa mkononi kama siku zote, akaenda kunawa kwenye lile jagi, akanawa mpaka viwiko, akaondoka na wali wake umebaki nusu. Mimi nikabaki nimesimama na ile noti ya elfu tano naitazama, naogopa kuishika na hela ni yangu.

Jioni ile ile nikaenda kununua ndoo yenye koki, nikaomba dawa ya klorini kwa mtu ninayemfahamu, nikaweka mlangoni. Mikono yangu mpaka leo inanuka klorini, hata ugali nikila nausikia.

Haikupita hata siku mbili wizara ikatoa taarifa, Waziri wa Afya, Mhagama, akasema sampuli zimepimwa na wote waliohisiwa hawana Marburg. Sasa hapo ndipo ninapotaka unielewe vizuri maana ndipo ninapoumia. Mimi nilifurahi. Wote tulifurahi, watu walishikana mikono stendi kama sikukuu, jirani yangu wa chipsi akaichukua ndoo yake akaenda kufulia nguo. Lakini zile habari za watu nane hakuna aliyetwambia wamekufa na nini. Kama si Marburg ni nini basi? Hapo kwenye hiyo nafasi tupu ndipo kila mtu akaingiza la kwake. Mmoja anasema ni sumu, mwingine wamerogwa, mwingine ni wazungu wanatafuta hela, mwingine anasambaza voisi za mtu anayesema ni daktari, na hatajwi jina, kwamba tunywe maji ya vitunguu swaumu. Kwenye lile grupu letu la kikoba ilifika mahali nikazima sauti ya meseji.

Na ni katikati ya hizo siku Kelvin akaugua.

Ijumaa tarehe 17 usiku. Alirudi kucheza analalamika kichwa, saa nne usiku akawa wa moto, nikimgusa shingoni kama nimegusa sufuria. Akatapika mara mbili. Anitha nilishika tochi ya simu nikamulika matapishi yale nikiyaangalia kama kuna damu, mama mzima nimepiga magoti nachungulia matapishi ya mwanangu, na mkono mwingine nimevaa mfuko wa nailoni maana glavu sina. Hicho ndicho kitu ambacho sitakisahau, kwamba nilivaa mfuko kumshika mtoto wangu mwenyewe. Na yeye alikuwa ananitazama, ana miaka sita, anaelewa.

Nikampigia dada wa jirani, akaniambia usimpeleke, ukimpeleka na homa watamchukua wamfungie humuoni tena, na serikali si imesema hakuna, mpe panado alale. Unaona sasa? Hilo neno hakuna lilimfanya aseme hivyo, na mimi nilikubali, nilikaa naye mpaka alfajiri nampangusa kwa kitambaa cha maji. Saa kumi na moja nikasema hapana. Nikambeba. Kituo cha afya nilimkuta nesi amevaa barakoa mbili na glavu, akaniuliza maswali toka mbali kidogo, mtoto ameshika mgonjwa, ameenda msibani, amekula mnyama gani, amechezea popo, halafu akamtoboa kidole. Tukasubiri. Alipotoka akasema ni malaria mama, nikakaa chini pale pale kwenye sakafu, nikasema asante Yesu ni malaria. Nilipewa dawa ya mseto nikarudi nyumbani. Sijawahi kushukuru ugonjwa maishani mwangu. Na yule nesi nilimwona mikono inamtetemeka wakati anaandika, mtoto wa watu mdogo tu, naye ana mama yake huko alikotoka. Mwaka 2023 kule Bukoba Vijijini mhudumu wa afya alikufa kwa huu huu ugonjwa, na Rwanda mwaka jana wengi walioupata walikuwa wahudumu. Yule binti anayajua hayo na bado alimgusa Kelvin, alimgusa kwa glavu zake lakini alimgusa, mimi nilimshika na mfuko wa nailoni. Nikifika hapo nashindwa hata kuendelea.

Jumatatu tarehe 20 ndo Rais Samia akatangaza Dodoma, na mkuu wa Shirika la Afya Duniani Dk. Tedros yupo pembeni yake, kwamba mgonjwa mmoja amethibitika, wengine 25 waliopimwa hawana. Basi. Hesabu imeeleweka, tumejua tunaogopa nini. Utashangaa nikikwambia siku hiyo nililala. Wataalamu wamekuja, magari yao yanapita kila saa, wanafuatilia waliokaa karibu na wagonjwa, wanapima watu joto, wanatangaza na spika kwamba ukiwa na homa njoo mapema, usioshe maiti mwenyewe, piga simu. Ndoo zikarudi mlangoni, ile niliyonunua 8,000 sasa inauzwa 13,000 lakini watu wananunua. Mimi siongelei siasa, na nimeona vizuri Rais alivyosimama mwenyewe kusema, ila zile siku kati ya tarehe 14 na 20 nitazidai. Mtu angesema tu bado tunapima, nawa mikono, mgonjwa mpeleke, tungeelewa, sisi si watoto. Madereva wanasema Rwanda walitangaza tarehe 27 Septemba na wakawa wanatoa idadi kila siku, wameugua nani, wamepona wangapi, mpaka wakamaliza tarehe 20 Desemba, 66 waliugua wakafa 15, na huu ni ugonjwa ambao kwingine umeua karibu watu tisa katika kila kumi. Walisema mapema watu wakatibiwa mapema.

Haya nirudi kwa meseji yako.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Machi 2023 ule wa kwanza ulipotokea, wakiita ugonjwa usiojulikana mpaka tarehe 21 ndo wakasema ni Marburg, da Adelina alikuja hapa kutoka upande wa Maruku, kule kule Bukoba Vijijini ulikokuwa. Unamjua da Adelina, ndiye aliyenisomesha darasa la saba. Alikuwa anapita kwenda Kahama akataka alale kwangu usiku mmoja. Nilimwekea stuli nje, chini ya mwembe. Nikamletea chai kwenye kile kikombe cha bati cha bluu, hakukimaliza, akasema mdogo wangu naona una kazi nyingi wacha niwahi gari. Alipoinuka hajafika hata barabarani nikakichukua kile kikombe na kijiti nikakitupa chooni. Aligeuka, Anitha. Aliniona. Hajawahi kuniuliza mpaka leo, kila sikukuu ananitumia ndizi, na ule ugonjwa uliisha mwezi wa sita, wagonjwa walikuwa 9 tu wilaya nzima, yeye hata hawajui.

Kwa hiyo sikulaumu. Najua mama yako anachohisi maana nimekihisi. Lakini sasa najua pia chai ya nje ya nyumba ina ladha gani. Juzi nilipanda gari kwenda Kahama kununua mchele, konda alipojua nimetokea Nyakanazi watu wawili wakahama siti. Hakuna aliyenitukana, walihama tu kimya kimya. Halafu jioni ndo nasoma tena meseji yako.

Mwambie mama hivi, kwa heshima zote na shikamoo yangu. Huu ugonjwa hauendi kwa hewa kama korona. Unashika kwa damu, matapishi, jasho, majimaji ya mtu anayeumwa au aliyekufa nao, na mtu ambaye hana dalili haambukizi. Dalili zinatoka kati ya siku 2 na siku 21. Popo wale wakubwa wanaokula matunda ndio wanaukaa nao mapangoni, wenyewe hawaumwi. Na jina lenyewe si letu, ni mji wa Ujerumani, ndiko ulikotambuliwa mwaka 1967 kwa watu wa maabara walioshika tumbili waliotolewa Uganda. Nilipoambiwa hivyo nikawaza lile boma la Wajerumani pale Biharamulo mjini, na leo Ujerumani hakuna anayehama siti kwa mtu wa Marburg. Sisi ndo tutaitwa watu wa Marburg.

Nimepiga hesabu. Send-off ya Neema ni Jumamosi tarehe 22 Februari. Leo ni tarehe 26. Nikifunga hoteli kuanzia kesho asubuhi, nikakaa ndani na watoto, sigusani na dereva wala abiria, siku 21 zinaisha tarehe 17, najipima joto asubuhi na jioni naandika kwenye daftari naleta daftari mama aone kwa macho yake. Kipima joto nimeshanunua. Ni hela nyingi nitapoteza sikufichi, kodi ya fremu ni mwisho wa mwezi na ada ya Kelvin sijamalizia, wateja wenyewe wamepungua zaidi ya nusu lakini hao waliobaki ndio tunaokula. Nitafanya. Kwa ajili ya Neema nitafanya, nilimbeba mgongoni yule mtoto wakati wewe uko bodingi.

Ila nisifunge hoteli siku 21 halafu nifike hapo niwekewe stuli nje. Hilo siliwezi. Afadhali uniambie leo nitume mchango kwa simu na sare nimpe dereva ailete, fundi ameshaimaliza, ile ya zambarau, imenikaa vizuri kweli na mikono amepandisha kama tulivyokubaliana.

Sasa nijibu. Ni mama kweli ndiye aliyesema au ni wewe unaogopa na umemtanguliza mama? Nikija nitalala kwako kama siku zote au mmenipangia gesti? Kamati wanajua natokea wapi? Mama Happy naye alisemaje, maana yeye na Geita yake hapa ni pua na mdomo, naye ameambiwa asije? Neema mwenyewe ameulizwa? Na huko kwenu mnaambiwa nini hospitali, wameweka ndoo stendi na bandarini au bado? Watoto wako unawaambia nini wakiuliza kuhusu mimi?

Na da Adelina, unadhani nikimpigia sasa hivi baada ya miaka miwili nianzie wapi? Wewe ndo unajua kuongea.

Usinitumie emoji. Tuma voisi, hata ya dakika moja, nisikie sauti yako. Nitafungua saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, kwa hiyo nikiipata kabla ya hapo nitajua nifungue au nibandike karatasi mlangoni.

Mimi wako,
Mama Kelvin