Bunduki bubu hakuna, askari viziwi wapo

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, jambo hili limenikaa moyoni siku nyingi.

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Bombo, Uganda, tivii inaonyesha sinema, jamaa kafunga sailensa kwenye bunduki anapiga watu chumbani na aliyelala chumba cha pili hata hageuki. Vijana wakasema ndo bunduki ya kisasa hiyo, haina sauti kabisa. Nikajaribu kuwaeleza lakini nani ana muda na mzee, wakati sinema inaendelea, basi naandika hapa, huenda watasoma.

Mimi nimelinda kwa bunduki miaka 14 Kampala, mageti, mastoo, maduka ya jumla. Sikio langu la kushoto sasa hivi halina kazi. Kwa hiyo sauti ya bunduki siisemi kwa kuhadithiwa.

Risasi ina kelele mbili, watu wanadhani moja. Ya kwanza ni ile moshi wa moto unapotoka mdomoni mwa mtutu kwa nguvu, hiyo ndo sailensa inashughulika nayo. Ukitaka kujua inavyofanya nenda kwa fundi wa bodaboda mwambie akupasulie sailensa iliyooza, ndani utakuta vyumba vyumba na vitobo, hewa ya moto inaingia inazungushwa, inapoa, inapungua kasi, ndo inatoka. Ya bunduki ni hivyohivyo. Kelele ya pili ni ya risasi yenyewe ikiwa njiani, ile "ta!" kali kama kiboko. Inatokea kwa sababu risasi inapita mwendo wa sauti. Risasi ya AK inatoka kwa karibu mita 715 kwa sekunde, sauti yenyewe kwenye joto la kawaida inakwenda kama 343, yaani risasi inaizidi mara mbili, na hiyo "ta!" hakuna sailensa duniani inayoizuia maana inazaliwa huko nje risasi ishaondoka.

Ndo maana huko Marekani kuna watu wanajaza risasi zao wenyewe nyumbani, ganda, kiwashio, baruti, kichwa, wakitafuta risasi inayokwenda chini ya mwendo wa sauti. Wanaweka kichwa kizito, kuna aina inaitwa .300 Blackout kichwa kinafika gramu 14 wakati cha AK ya kawaida ni kama 8, halafu wanaipunguzia mwendo. Na si kazi rahisi, risasi ikikosa nguvu inakwama ndani ya mtutu na ukipiga ya pili nyuma yake unaweza kupasukiwa usoni, risasi ikiyumba inagonga kuta za sailensa, na bunduki yenyewe inaweza kukataa kujikoki kwa sababu moshi hautoshi kuisukuma. Hata hali ya hewa inaingia humo. Kabale asubuhi kwenye nyuzi 12 sauti inakwenda karibu mita 339, Gulu mchana kwenye nyuzi 33 inafika kama 351, kwa hiyo risasi ya mita 345 Gulu ingepita bila ile "ta!" na Kabale ingelia. Sasa kijana asome hapa aende kujaribu baruti nyumbani, hapana, nakataza kabisa, natoa tu picha mjue watu wanahangaika kiasi gani kupunguza kelele, na bado haiishi. Kelele inapimwa kwa desibeli, bunduki ya kawaida inapiga kama 160, sailensa nzuri inapunguza 30 hivi, zinabaki 130. Hiyo ni kelele kubwa kuliko spika za disko, si kimya cha sinema.

Na aliyeleta sailensa ni nani? Hiram Percy Maxim, mwaka 1909. Baba yake ndo yule Maxim wa bunduki ya Maxim, ile yule Mwingereza Lugard alikuja nayo Kampala 1890 na ikapigwa kwenye vita vya Mengo, hapohapo Kampala, Januari 1892. Huyo mzee Maxim alizeeka kiziwi kwa kelele za bunduki zake mwenyewe. Mimi nilipojua hilo nilikaa kimya muda mrefu.

Maana sisi tulifundishwa shabaha bila kitu masikioni. Jina la kampuni silitaji. Tulipangwa mstari mmoja watu 20, bega kwa bega, mwenzako anapiga mdomo wa bunduki yake uko mita moja na nusu kutoka kichwani kwako. Mwenye akili alichana filta ya sigara akaziba, wengine pamba, na pamba haisaidii cha maana pale. Jioni kichwa kizima kinalia kama nyenje. Afande akasema mtazoea. Kweli ukelele wa nyenje ulikuwa unapotea baada ya siku mbili, halafu ikawa wiki, halafu ukakataa kuondoka, mpaka leo nikilala nalala nao. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Na kwa anayepiga kwa mkono wa kulia ni la kushoto linaanza, kwa sababu ndo linaangalia mdomo wa mtutu, la kulia limefichwa na kichwa.

Kinachotangulia kupotea ni sauti nyembamba, herufi kama s na t. Nilishaambiwa kwenye redio zamu inabadilishwa saa tisa, mimi nikasikia saa sita, nikaacha geti nikijua mwenzangu yuko njiani. Hakuibiwa mtu lakini nilikatwa mshahara wa siku tano na sikujitetea, ningesema nini? Nikisema sisikii nafukuzwa. Wako wengi hivyo wanaficha, usiku wanalinda mali za watu na mtu akikanyaga majani nyuma yao hawasikii.

Sasa vizibo vya masikio vya sponji ni vitu vya bei ndogo sana na vinapunguza desibeli 20 mpaka 30, sawasawa na sailensa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 tunayo, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga. Wenye makampuni wavinunue, wakaguzi wakienda kuangalia bunduki na leseni wafike na uwanja wa shabaha waangalie masikio pia, na askari apimwe kila mwaka bila kutishiwa kazi. Na nyie vijana mnaoingia kazini, msisubiri kampuni, ingieni famasi mnunue, mviviringishe kwa vidole mpaka viwe vyembamba, vuteni sikio juu kwa mkono mwingine ndo kizibo kiingie mpaka ndani, kikining'inia nje ni bure.

Mjukuu wangu ana miaka minne, akitaka kuniambia kitu anazunguka kwanza upande wa kulia ndo anaita jjajja, yaani babu. Hakuna aliyemfundisha.

Askari mstaafu,
Bombo