Kabla ya kuchangia deni la mgonjwa aliyeko Marekani, ulizeni ni mkopo gani

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana hili jambo linatuumiza sana sisi tulioko huku, na linaumiza hata nyie mlioko nyumbani mnaochangishwa.

Mi naishi Minneapolis. Shemeji yangu alikuwa nesi kwenye nyumba ya wazee, akapigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi na maneno yanatoka kwa shida. Kama kawaida yetu grupu la WhatsApp likafunguliwa, mweka hazina akateuliwa, Moshi wakachanga, Dar wakachanga, na hela za mwanzo zikaenda kulipa mkopo wake wa chuo! Sio dawa, sio kodi ya nyumba. Mkopo, kwa sababu wadai ndio waliokuwa wanapiga simu kila asubuhi na mgonjwa hana nguvu ya kubishana.

Sasa sikilizeni. Mkopo wa masomo unaotolewa na serikali kuu ya Marekani unafutwa wote kama mkopaji amepata ulemavu wa kudumu unaomzuia kufanya kazi ya kumwingizia kipato cha maana. Wenyewe wanaita TPD, yaani Total and Permanent Disability, ulemavu kamili na wa kudumu. Kuomba ni bure kabisa, fomu iko kwenye tovuti ya Wizara ya Elimu yao, studentaid.gov. Ukishawajulisha tu kwamba unataka kuomba, wanasimamisha kudai kwa siku 120 ili ukusanye makaratasi, yaani hata zile simu za asubuhi zinakoma.

Kuna namna tatu za kuthibitisha. Aliyekuwa mwanajeshi anatumia barua ya idara ya maveterani. Anayelipwa pesa za ulemavu na Social Security, hifadhi ya jamii ya Marekani, anaweza kutumia barua yao, ingawa sio kila anayelipwa anapita, wanaangalia mambo kama umepangiwa kukaguliwa tena baada ya muda gani. Wengine wote wanapitia kwa daktari, na watu wengi wanakwamia hapo.

Daktari anatakiwa athibitishe kwamba hali hiyo imeshadumu miezi 60 mfululizo, au inategemewa kudumu miezi 60, au inaweza kuishia kwenye kifo. Watu wanasikia miezi 60 wanakata tamaa, wanadhani lazima wasubiri miaka mitano kitandani ndio waombe. Sio hivyo, kama daktari anaona haitapona ndani ya muda huo anaandika leo. Shida ni kwamba madaktari wana haraka. Wa shemeji aliandika herufi tatu tu, CVA, kifupisho cha kiharusi kwa Kiingereza, akasaini, wakati fomu yenyewe inamwambia asitumie vifupisho, aeleze ugonjwa na namna unavyomzuia mtu kufanya kazi. Ikabidi turudi tena kupanga foleni. Na sahihi yake ikishapita siku 90 kabla hujatuma, imekufa, unaanza upya. Kwa hiyo akikupa karatasi isome hapo hapo kabla hujatoka mlangoni, usione aibu, ni deni lako sio lake. Siku hizi sio lazima awe daktari tu, tangu Julai 2023 wanakubali pia nesi wa ngazi ya juu, daktari msaidizi na mwanasaikolojia mwenye leseni, na hao mara nyingi ndio wanaokujua vizuri zaidi.

Lakini leseni iwe ya Marekani. Hili naomba mliandike kwa wino mzito. Watu wetu wakiugua sana wanapenda kurudi nyumbani kuuguzwa na mama, siwalaumu, ila ukishafika Kilimanjaro ukaandikiwa na bingwa wa KCMC au Muhimbili, hata awe profesa, sahihi yake haitakubaliwa kwenye ile fomu. Sainisha kwanza, panda ndege baadaye.

Kuna kundi ambalo hii habari haiwahusu na sitaki niwape matumaini hewa. Mwanafunzi aliyekuja na viza ya masomo hapewi mkopo wa serikali kuu, mpaka awe na grini kadi au hadhi kama ya ukimbizi. Yule wa viza akikopa anakopa kwa kampuni binafsi, mara nyingi kwa mdhamini, mjomba au mtu wa kanisani. Huko kufutiwa kunategemea mkataba uliosainiwa, wapo wanaofuta na wapo wasiofuta, na mdhamini anaweza kubaki anabeba mzigo peke yake. Ndio maana nasema ulizeni kwanza ni mkopo gani. Halafu mzazi aliyekopa kwa jina lake kumsomesha mtoto, unaangaliwa ulemavu wa mzazi, sio wa mtoto. Hii kwangu ni roho mbaya, mtoto ameumia hataajiriwa maisha yake yote na baba bado anadaiwa ada ya ile digrii.

Ukikaa kimya wana meno. Kule kwetu Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara na watu wanalia, basi huku ukiacha kulipa sheria inawaruhusu kukata mpaka asilimia 15 hata ya pesa za ulemavu kutoka Social Security, wanatakiwa tu wakuachie dola 750 kwa mwezi. Hiyo 750 ilipangwa 1996 na haijapandishwa mpaka leo, na dola 750 Minneapolis hazilipi hata chumba.

Na kinachonikera zaidi, Agosti 2021 Wizara ilitangaza kuwafutia watu zaidi ya 323,000 kwa mpigo, kama dola bilioni 5.8, bila hata wao kuomba, kwa kulinganisha tu majina na kompyuta za Social Security. Kumbe iliwezekana! Miaka yote hiyo mtu hawezi kushika kalamu anaambiwa ajaze fomu.

Wengine wanaogopa kwamba deni likifutwa watapigwa kodi. Kodi ya serikali kuu haigusi hiyo kitu tangu 2018, ila jimbo lako uliza. Wengine wanaogopa kufuatiliwa kipato miaka mitatu baada ya kufutiwa, hilo nalo liliondolewa 2023, kilichobaki ni usichukue mkopo mwingine wa serikali kuu ndani ya miaka mitatu maana lile deni la zamani linafufuka. Na akikupigia mtu anataka dola mia kadhaa akufanyie maombi, kata simu.

Mgonjwa asiyeweza kuongea anaruhusiwa kuwa na mwakilishi, kuna fomu yake. Kwa hiyo waweka hazina wa magrupu, nyie mnaoshika hela za watu, kabla hamjatuma hata senti kwa wadai chukueni jina la mkopo na muwapigie muwaulize ni wa serikali kuu au wa kampuni binafsi. Michango ya shemeji iliyobaki tumenunulia kiti cha magurudumu na kitanda cha kuinuka.

Msomaji wenu,
Minneapolis, Marekani