Kirodi cha tilapia, besi mfu kwenye mizani: soma hii kabla hujaja kushindana Naivasha

Kila Jumatatu baada ya shindano la kuvua besi (yule samaki Wazungu wanamwita largemouth bass) kwenye Ziwa Naivasha, simu ya duka letu la vifaa vya kuvulia haitulii, na malalamiko ni yale yale tu. Uzi ulikatika, ndoano ilinyooka, samaki kaingia kwenye magugu akakataa kutoka. Alafu kuna yule anayepiga akiwa na hasira, anataka kujua kwa nini alikatwa pointi na samaki wake alikuwa mkubwa kuliko wa mshindi. Nimejibu haya maswali mmoja mmoja miaka na miaka, sasa naona niandike yote hapa mara moja, manake kwangu mimi hayo ni jambo moja. Vifaa ulivyobeba asubuhi ndo vinaamua samaki atafika kwenye meza ya mizani akiwa na hali gani jioni, manake hapa samaki wanapimwa wakiwa hai.

Wacha nieleze. Besi wa Naivasha sio samaki wa kuvutwa kwenye maji meupe. Aliletwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watu wa kuvua kwa raha, na mpaka leo tabia yake haijabadilika, anakaa pale pachafu, chini ya mafunjo, kando ya gugu maji, kwenye vigogo. Na tangu ziwa lilipofura sana mwaka 2020 vigogo viko vingi ajabu, migunga mizima imekufa imesimama majini, kuna nyua za watu ziko chini ya maji na waya zake, yaani pale ambapo zamani ng'ombe walikuwa wanakula nyasi leo unapita na boti. Besi anapapenda hapo kuliko kitu chochote. Sasa wewe unakuja na kirodi laini cha kuvulia tilapia, uzi wa paundi 6 (yaani ukivutwa zaidi ya hapo, karibu kilo 3, unakatika), unamshika samaki wa kilo moja na nusu hatua mbili kutoka kwenye mgunga. Atakwenda wapi? Ataingia ndani, atazungusha uzi kwenye tawi, basi imeisha.

Na hata ukibahatika ukamtoa, utakuwa umempigania dakika nyingi sana. Watu wengi hawalifikirii hili. Samaki aliyepigana muda mrefu amechoka mpaka ndani ya misuli, anahitaji oksijeni nyingi ili arudi sawa, na Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, maji ya huku juu yanashika oksijeni kidogo kuliko maji ya joto hilo hilo yaliyo chini karibu na pwani. Ukimtupa kwenye tanki la boti akiwa vile, jua likapanda, saa nane unafungua kifuniko unakuta tumbo liko juu. Hapo usinilaumu mimi wala msimamizi wa mizani.

Kwa hivyo mtu akiingia dukani akaniambia anataka rodi moja tu ya Naivasha, namuuzia rodi ngumu kiasi, ya urefu wa futi 6 na nusu hadi 7, yenye mgongo chini na ncha inayosikia. Sio ile ngumu kama mti wa ufagio, hapana, lakini ukiikunja lazima nusu ya chini ikatae. Sababu ni kwamba chambo tunachotumia sana hapa ni mnyoo wa plastiki wa inchi 6 au 7 uliofungwa kwa mtindo wa Texas, ncha ya ndoano imefichwa ndani ya plastiki ili isishike magugu. Kizuri sana kwa ziwa letu, unakirusha katikati ya takataka kinatoka peke yake kisafi. Lakini besi akishika, ile ndoano lazima itoboe plastiki kwanza ndo ifike kwenye mdomo, na mdomo wa besi ni mfupa na ngozi ngumu. Rodi laini inajikunja tu, unadhani umempiga kumbe umempapasa, anatema anaenda zake.

Ndoano chukua ya namba 3/0 au 4/0, ile iliyopinda shingoni. Chubwi ya risasi ya gramu 7 inatosha asubuhi, upepo wa mchana ukianza panda hadi gramu 10 la sivyo hujui chambo chako kiko wapi. Rangi, hapa ndo watu wananibishia. Wanakuja na picha za mtandaoni za chambo za kumetameta zinazofanya kazi kwenye maji masafi ya Marekani. Maji yetu siku nyingi ni ya tope, na wale samaki aina ya kapu waliojaa ziwani miaka hii wanazidi kuyachafua, wanachimba chini kutafuta chakula usiku na mchana. Kwenye tope besi anaona kivuli na anasikia mtikisiko. Mimi natoa nyeusi, zambarau iliyokolea, na kahawia yenye wekundu. Hiyo ya mwisho haikosei kwa sababu inafanana na kamba wa maji baridi wa Louisiana, wale wekundu waliowekwa ziwani mwaka 1970, ambao besi wa hapa wamekula vizazi na vizazi. Kama unataka chambo cha kuvuta badala ya mnyoo, chagua chenye vibati vinavyozunguka, kinapiga kelele ndani ya maji, hata kwenye tope samaki anakifuata. Na jioni maji yakitulia, chura wa plastiki juu ya gugu maji, hiyo raha yake siwezi kuandika, njoo uone.

Uzi. Pale penye mafunjo na migunga tumia uzi wa kusuka wa paundi 30, mbele yake funga hatua moja ya florokaboni, ule uzi usioonekana sana majini, ya paundi 15. Kwenye maji ya wazi nailoni ya paundi 12 inatosha kabisa. Rili, yaani kifaa cha kukunjia uzi, za kuzunguka za namba 2500 au 3000 ni rahisi kwa anayeanza, zile za ngoma zinazokaa juu ya rodi zina nguvu zaidi lakini usiinunue Ijumaa ukaenda kushindana nayo Jumamosi, tafadhali sana, dole gumba lako halijajifunza kuzuia ngoma na utashinda siku nzima unafumua uzi uliojisokota kama nywele ambazo hazijachanwa mwezi.

Breki ya rili, ile inayoachia uzi samaki akivuta kwa nguvu, ndo kosa namba moja la wateja wetu na ni kosa la bure kabisa, halihitaji hata shilingi kulirekebisha. Wengi wanaikaza mpaka mwisho wakidhani ndo nguvu. Kanuni ni robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi, basi. Chukua chupa ya soda ya lita 2 ijaze maji, hiyo ni kilo 2 na kidogo, ifunge kwenye uzi, shika rodi pale kwenye rili uinue. Kama mbele una florokaboni ya paundi 15, breki iachie uzi polepole chupa ikining'inia. Ukitumia paundi 12, tumia chupa ya lita moja na nusu. Chupa isipotelemka breki imekaza mno, ikianguka kwa kasi imelegea. Dakika mbili, umemaliza.

Fundo nalo, funga palomar. Kunja uzi mara mbili, pitisha kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kukaza, alafu pitisha ndoano nzima ndani ya kile kitanzi, lowesha kwa mate, vuta taratibu. Ukivuta bila kulowesha uzi unaungua wenyewe, na utakatikia hapo hapo siku ya samaki mkubwa.

Sasa tuje kwenye shindano lenyewe.

Haya mambo ya kupima samaki wakiwa hai hayakuanzia kwetu. Marekani kulikuwa na Ray Scott, muuza bima wa Alabama, aliyeandaa shindano lake kubwa la kwanza kule Beaver Lake, Arkansas, mwaka 1967, mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wavuvi wa besi, na mwaka 1972 akaanza kampeni ya kuwaambia wavuvi wasiue wanachokamata. Kabla ya hapo samaki walikuwa wanatundikwa kwenye kamba wamekufa, watu wanapiga picha. Yeye ndo akasukuma boti ziwe na matanki yenye pampu. Klabu nyingi duniani zinafuata huo mpango, samaki 5 kwa siku, wapimwe wakiwa hai, aliyekufa anakukata uzito. Kwa hiyo ukikatwa pointi kwa samaki mfu usione umeonewa, hiyo sheria ndo moyo wa mchezo wenyewe.

Mimi nilishaona mezani mfuko wa samaki watano wote wamekufa, wakubwa kweli, wazuri, na mwenyewe alikuwa hajawasha pampu ya tanki tangu saa mbili asubuhi kwa sababu alikuwa anaogopa betri itaisha. Niliumia. Wale samaki wangezaa. Betri inachajiwa, besi wa umri ule hachajiwi. Tangu siku ile kila boti tunayokodisha tunamwonyesha mteja swichi ya pampu kabla ya kumwonyesha ya injini, badilisha maji mara kwa mara, na jua likiwa kali weka chupa moja ya maji yaliyoganda ndani ya tanki, moja tu, usiyafanye maji kuwa baridi ghafla.

Ukimtoa majini lowesha mikono kwanza. Usimlaze kwenye sakafu ya boti yenye joto, ute wake unatoka na ndo kinga yake. Ukimshika taya la chini mwache aning'inie wima, au kama unamlaza kwa picha basi mkono wa pili ushike tumbo, usimkunje taya ukiwa umembeba kwa ulalo, hasa mkubwa, taya linaumia na hataweza kula tena vizuri. Ndoano ikiwa imeingia kooni usichokonoe na koleo, kata uzi karibu na ndoano umwache. Ukiwa na watano na ukapata wa sita, amua hapo hapo nani anarudi, usizunguke na sita kwenye tanki ukisubiri kuchagua. Na kwenye foleni ya mizani usitoe samaki tankini mpaka uitwe, manake mfuko wenye maji kidogo na samaki watano ni kama matatu iliyojaa madirisha yakiwa yamefungwa, dakika mbili zinatosha kuwamaliza.

Heshima kwa wenzako ni fupi kusema, ngumu kufanya. Ukikuta boti inavua ikifuata ukingo wa mafunjo, usiende ukatia nanga mbele yake, zunguka mbali, mwachie njia anayoelekea. Ukipita karibu punguza injini. Usimpigie simu shemeji yako aliye nchi kavu akuambie wenzako wanashika wapi. Rodi moja majini kwa wakati mmoja, zingine ziwe zimelala. Ukichelewa kurudi kubali adhabu, usianze hadithi ya kiboko, ingawa viboko wapo na kwa ajili yao nakuomba usikate kona kwenye mafunjo kwa mwendo kasi, na usisogelee kundi hata kama samaki wanaruka pembeni yao.

Alafu kuna wavuvi wa nyavu. Hawa wanaishi kwa ziwa hili, sisi tunakuja wikendi. Ukiona maboya yamejipanga jua kuna wavu chini, usipite juu na propela, usirushe chambo ndani, na ukinasa wavu wa mtu kwa bahati mbaya usikate ukakimbia, mtafute au acha ujumbe pale ufukweni umlipe. Kuna asubuhi nimekaa na mzee mmoja akinionyesha wavu uliopasuliwa na boti ya mashindano na hakuna aliyejitokeza, na kusema kweli niliona aibu kwa niaba ya wote.

Malalamiko peleka kwa msimamizi kabla mizani haijafungwa, kwa utulivu, sio kwenye grupu la WhatsApp saa tatu usiku. Na kudanganya, sidhani nahitaji kusema sana. Septemba 2022 kule Ohio, kwenye shindano la samaki wa aina nyingine Lake Erie, msimamizi aliona samaki ni wazito kuliko walivyoonekana, akawapasua, akakuta chubwi za risasi matumboni. Waliohusika walikiri mahakamani, wakafungwa siku 10, na boti ikachukuliwa. Kwetu msimamizi ana haki ya kupapasa tumbo la samaki yeyote, usikasirike akifanya hivo, anakulinda wewe uliyevua kwa haki.

Ukimaliza kupima, usimwage samaki pale gatini penye matope na mafuta ya injini. Wapeleke hatua kadhaa mpaka kwenye maji safi yenye kina, mshike kila mmoja wima mpaka apige mkia mwenyewe.

Wiki ya shindano tunafungua duka Ijumaa mpaka saa mbili usiku. Leta rili yako hata kama hukuinunua kwetu, tutaipima breki kwa chupa na kukufungia fundo bila malipo, na leseni yako ya uvuvi uwe nayo mfukoni kabla ya kushuka gatini. Boti zinaondoka alfajiri, kwa sababu upepo wa mchana wa Naivasha ukishaamka hata nahodha mzoefu anataka awe njiani kurudi.