Yaya, ile odio yako ya bajeti nimeisikiliza

Yaya,

Wewe kaka yangu mukubwa, odio yako ya kwenye grupu ya familia nimeisikiliza yote, hata pale ulikohoa. Umesema vizuri, siwezi kukatala: mutu aandike kila kinachoingia na kinachotoka, aweke pembeni kwanza ndiyo ale, asichanganye makuta, pesa, ya biashara na ya nyumba. Wadogo wote wakaweka dole gumba. Mi nikanyamaza, sasa najibu hapa.

Kaye, daftari ya hesabu, niko nayo toka zamani. Naandika mangaribi nikitoka soko ya Kadutu: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, nimenunua bei gani, nimeuza ngapi, nimelipa wabebaji ngapi, imebaki nini. Faida naibadilisha dola siku ileile, juu kodi ya nyumba ni ya dola na franga leo iko hivi kesho iko vingine, na kila noti naiinua juani mbele ya mukambisti, yule wa kubadilisha franga, ikiwa na kapasuko hata kadogo namurudishia, nani atanipokelea hiyo hapa Bukavu? Likilimba, ule muchango wa kupokezana kwa zamu, natoa kila siku ya posho, ni kusema jumamosi. Sasa huko Kampala ulitaka kunifundisha nini, yaya?

Unakumbuka kwenye sali ya arusi yako. Zamu yangu ya likilimba ilikuwa imefika wiki ile na nilikuambia wewe peke yako, juu mwenye nyumba alikuwa anataka garantiya, ile kodi ya kuweka mbele, ya miezi sita (sheria ya Congo ya 2015 inasema isipite mitatu kwa nyumba ya kulala, lakini nenda ukamusomee sheria mwenye nyumba wa hapa uone). Ukachukua mikro. "Mudogo wangu huyu wa sambaza anatoa dola 200!" Vigelegele, muziki ukapanda, mama mukwe wako akasimama kunipigia makofi, na wewe unaniangalia unacheka meno yote inje, anvelopu yangu ya dola 30 nimeifinya chini ya kitenge mpaka imelowa jasho. Ningefanya nini, nikatae mbele ya familia ya bibi arusi? Kesho yake nikalipa. Nyumba ikachukuliwa na mutu mwingine. Pole sijawahi kuisikia kutoka kwako, hata ya uongo. Na siku ile ulikuwa umependeza kweli, ile koti ya bluu, ulivyoingia nililia.

Ndiyo maana ulipoomba ya mutaji nikasema haiko. Ilikuwako. Ukaenda kusema kwa ba shangazi kama nina roho mubaya, nimekuwa mutu wa franga. Lakini mwezi wa pili 2025 benki zilipofunga hapa, wale walioweka yote benki walibaki wanaangalia salio kwenye telefone na njaa iko mulangoni, sisi tulikula ile niliyokunyima, na mama alikula humo, na watoto wako wawili walikula humo, maharagwe kila siku lakini walikula. Ningekupa, tungepika nini? Nijibu hiyo kwanza ndiyo uongee ya bajeti.

Ninyi munaonisoma musimuchukie, ni yaya yangu, alinilipia minervali ya masomo miaka miwili na hilo siwezi kulisahau.

Odio ingine usitume. Dawa za mama za presha zinaisha wiki hii. Mi natoa nusu, wewe nusu, na ukituma kwa telefone ongeza na ya kutolea.