Barua kwa Mwanaidi: Vijiwe vya Nyongo na Damu ya Ukoo

Chumbageni, Tanga
14 Machi 2025

Sahibu yangu Mwanaidi,

Barua yako kutoka Bagamoyo imenifikia salama, nami nimeisoma mara mbili, kwa kuwa swali lako ndilo lililonihangaisha dada yangu alipofanyiwa upasuaji: inakuwaje kipimo cha damu kionyeshe kolesteroli iko sawa, ilhali altrasaundi imekuta vijiwe katika mfuko wa nyongo?

Damu na nyongo, sahibu, ni vyombo viwili. Ini huipunguza kolesteroli kwa kuisukumia kwenye nyongo, na kazi hiyo hufanywa na pampu ndogo mno ya protini mbili zilizoshikana, ambazo jeni zake huitwa ABCG5 na ABCG8. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza wagonjwa wa Ujerumani na Chile walitangaza kwamba badiliko moja katika ABCG8, liitwalo D19H, huongeza hatari ya vijiwe takriban mara mbili kwa aliyelirithi kwa mzazi mmoja. Inaelekea pampu ya mtu huyo huchapa kazi kupita kiasi, damu ikapata nafuu na nyongo ikalemewa. Wewe ni mpishi wa kaimati, unajua shira iliyozidi sukari inavyoonekana imetulia jikoni, kumbe ikipoa inashika chembe ukingoni mwa sufuria. Chumvi za nyongo na lesithini, aina ya mafuta yaliyomo katika nyongo, ndizo zinazoifanya kolesteroli iendelee kuyeyuka. Zikizidiwa, chembe huanza. Sisemi kwamba badiliko hilo unalo, wala sioni haja ya kulipima, maana matibabu yatabaki yale yale.

Shangazi yako anayesema kwamba hii ni damu ya ukoo hajakosea, ila amepatia robo. Nchini Sweden walichunguzwa pacha zaidi ya jozi 43,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalikadiria kwamba urithi huchangia kiasi cha asilimia 25 ya ugonjwa huu unapojitokeza kwa dalili. Kwingineko kuna unene, umri, mimba na homoni za kike, basi usiitupie samli lawama yote.

Dada alipewa vijiwe vyake katika kichupa. Ni vya manjano hafifu, vikubwa kama mbaazi, na kimoja kilichopasuka kinameta kwa miali inayotoka katikati. Vya mpwa wangu mwenye selimundu vilikuwa vyeusi, vidogo kama pilipili manga, kwa sababu vyake vilitokana na bilirubini, yaani rangi ya manjano inayotoka katika chembe nyekundu za damu zinazovunjika kabla ya wakati. Naye amerithi, lakini kwa njia nyingine kabisa.

Kwa kuwa vyako havijakuuma, daktari aliyekushauri usubiri amesema kweli, maana wengi wenye vijiwe hawapati maumivu maisha yao yote. Ila ukishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia yasiyoachia kwa saa kadhaa, au ukapata homa, au macho yakawa ya manjano, usingoje kukuche. Na huyo binti yako anayejinyima chakula ili gauni la harusi limkae, mwambie apunguze mwili polepole, kwa sababu kukonda kwa haraka nako huzalisha vijiwe, naye ana mama na bibi waliomtangulia katika shida hii.

Ukija Idi nitakuonyesha kichupa chenyewe.

Wako,
Mwanahamisi