Kwa mdogo wangu anayetafuta paki ya snobodi huku Ulaya

Mdogo wangu,

Mama Mdogo alinipigia Jumapili. Alianza na miguu ya bibi, akaja kwenye bei ya unga, halafu mwishoni kabisa, kama kitu kilichomponyoka, akasema: "Mwenzio anataka kuja huko Desemba na rafiki zake wa Toronto. Anauliza paki ipi nzuri." Namba yangu unayo. Kila nikiweka kitu WhatsApp naona jina lako kati ya waliotazama. Kama umeona swali la snobodi, ule ubao wa kutelezea kwenye theluji, lipitie Tanga ndipo linifikie mimi Munich, basi na jibu nalipitisha hapa mbele za watu, na wengine wafaidike.

Desemba usije. Najua ndiyo likizo yenu, lakini paki, yaani uwanja wa vilima na vyuma vya kurukia kwa ubao, haiji pamoja na theluji ya kwanza. Kilima kimoja kikubwa cha kurukia kinakula theluji nyingi mno, na mafundi hawawezi kuanza kukijenga mpaka miteremko ya kawaida ishibe. Utakuta reli chache na maboksi mawili matatu ya kuteleza juu yake, na vile vilima ulivyoviona kwenye video ya matangazo havipo, kwa sababu video hizo hupigwa Machi. Njoo mwisho wa Februari au Machi yenyewe. Ukishindwa kabisa, fuata barafuto, ile barafu ya kudumu ya milimani. Pale Stubai, karibu na Innsbruck, Austria, paki yao hufunguliwa tangu vuli, na Novemba mabingwa wa dunia hukusanyika hapo kujinoa kabla ya mashindano. Hata sisi tuliobaki Afrika kwa moyo tunayo ya kwetu: Afriski, Lesotho, wanateleza Juni hadi Agosti. Lakini wewe umesema Ulaya.

Usichague kwa picha. Angalia kamera za mlimani, zile zinazoonyesha hali ya leo hii, na ukurasa wa paki yenyewe unaosema kipi kimefunguliwa na kipi kimefungwa. Mafundi wakiwa wanaweka habari kila siku chache, ujue paki inatunzwa. Kurasa zikiwa kimya tangu msimu uliopita, usikate tiketi. Ukishafika, ingia duka la snobodi mjini uwaulize vijana wanaonoa mbao. Wao ndio walioteleza jana.

Na kabla ya yote, uliza nani unakuja naye. Rafiki zako kama ni wa vilima vya Ontario, wamezoea kushuka dakika mbili na kupanda tena. Mayrhofen, Austria, ingewafaa: Penken Park imegawanywa kwa viwango, anayeanza ana upande wake, na lifti ya viti iko hapo hapo, hampotezi siku kuzunguka mlima. Avoriaz, Ufaransa, kuna paki ndani ya msitu, vitu vyake ni vya mbao, na asiyetaka kuruka anapita katikati ya miti akafurahi vilevile. Laax, Uswisi, ndiko kwenye hafupaipu, mfereji wa theluji wenye kuta mbili, ya mita 200, kuta zake karibu mita 7. Wana pia ukumbi wa ndani wenye trampolini na shimo la sponji, na siku ya ukungu mtaushukuru. Livigno, Italia, ndiko snobodi ya Olimpiki ya 2026 ilikopangwa. Ukienda huko jua sheria: bima ya kumlipa utakayemuumiza ni lazima tangu 2022, na kofia ngumu sasa ni lazima kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Waambie pia kuhusu rangi za miteremko. Kwenu Canada kijani ndiyo rahisi na bluu ni ya kati. Austria na Uswisi bluu ndiyo rahisi, nyekundu ndiyo ya kati. Na herufi za ukubwa wa vilima vya paki, S (ndogo), M (wastani), L (kubwa), hazina mizani moja. M ya hapa inaweza kuwa L ya kule. Ndiyo maana unapita kwanza. Unapita polepole mara moja bila kuruka chochote, unatazama kilima kinaanzia wapi, meza yake, pale juu palipo bapa kabla ya pa kutua, ni ndefu kiasi gani, pa kutua pakoje. Asubuhi unapita. Baada ya chakula unapita tena, kwa sababu jua likishapiga, theluji inakuwa nzito na mbao zinakosa mbio.

Nilikuomba hivyo siku ile. Wale vijana walikuwa wanasikiliza, nawe ukacheka, ukasema, "Dada anaogopa."

Nilikuwa na mbio zile zile za asubuhi. Hilo nataka lieleweke, maana nimesikia unavyosimulia. Sikukosea mimi, theluji ndiyo iliyobadilika, na mtu aliyekuwa amesimama pale dakika nyingi akiona wengine wanaishia mezani alikuwa wewe. Nilitua kwenye ukingo, mtulinga ukakatika, nikaporomoka mpaka mahali ambapo aliye juu hawezi kumwona mtu. Unajua kinachofanywa. Ulinifundisha mwenyewe, mwaka ule wa kwanza uliponishika mikono miwili nijue kusimama juu ya ubao, na mimi nikalia kwa furaha kama siku zile ulipokuwa ukinivuta juu ya kuti uani kwa bibi. Ulisema: mwenzio akianguka pa kutua, simama ukingoni, pishanisha mikono juu ya kichwa, walioko juu wakuone wasimame.

Ulikuwa ukingoni. Nilikuona. Glavu moja umeivua umeing'ata kwa meno, simu mkononi. Nikasikia ubao mwingine unakwaruza pale pa kuondokea, kisha kivuli kikanipita usoni. Yule dada wa jaketi la njano, ambaye hata jina langu hakulijua, ndiye aliyekimbia akasimama na mikono yake juu. Wewe uliendelea kupiga video.

Watu wa nyumbani wanasema nimekukatia mazungumzo kwa sababu ya kicheko, kwamba video ilikuwa ya utani, kwamba kila mtu huanguka. Sijawahi kukasirikia kicheko. Bibi aliposhikishwa simu akauliza, "Huyo aliyelala ni nani?" nilikuwa bado nimefungwa mkono kifuani, na ni mimi niliyetakiwa kumtuliza. Mama Mdogo ananiambia mkubwa ndiye husamehe. Mkubwa ndiye aliyekutumia nauli ya kwanza, ndiye aliyeshika simu usiku ulipokuwa unalia baridi ya Toronto, na hilo sikulitaja mahali popote mpaka leo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nina roho ngumu.

Bima, nilikuwa nasema. Soma maandishi madogo. Bima nyingi za safari huiweka michezo ya theluji kando, mpaka uilipie, na nyingine huitoa paki hata ukilipia. Uliza wazi: nikiumia kwenye paki, mtanilipia kuokolewa mlimani? Kwa helikopta? Wajibu kwa maandishi. Mimi nilikuwa nimeuliza, ndiyo maana siku ile sikumgharimu mtu hata senti, wewe ukiwemo.

Chagueni Laax. Shukeni Zürich, treni mpaka Chur, kutoka hapo basi la posta linapanda. Mkija Machi nitakuja wikiendi moja. Sisemi tutalala nyumba moja. Asubuhi tutapita kila kilima polepole, wote, na rafiki zako wakiona ni mambo ya waoga watatusubiri chini. Atakayeanguka, wewe ndiye utakayesimama ukingoni.

Ile video bado ipo Instagram yako, nimeiona jana, ina muziki juu. Ifute kabla hujakata tiketi. Na Mama Mdogo usimtume tena. Nipigie mwenyewe, baada ya saa kumi na mbili jioni za huku ninakuwa nimetoka kazini.

Dada yako