Tagi Kavirondo yastahili kibao katika bandari ya Kisumu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasilishe ombi kwa wasimamizi wa bandari ya Kisumu na wa makavazi yetu. Tangu bandari ikarabatiwe, na hasa baada ya meli MV Uhuru II kuundwa papa hapa Kisumu, tumezungumza mengi kuhusu mustakabali wa Ziwa Victoria, ila tagi Kavirondo, yaani chombo kidogo cha kukokota vyombo vingine, haitajwi kamwe.

Kavirondo kiliundwa na kampuni ya Bow, McLachlan mjini Paisley, Uskoti, mwaka 1912, kikafunguliwa vipande vipande, kikaletwa Mombasa kwa meli na Kisumu kwa garimoshi, kisha kikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1913. Kilikuwa chombo cha shirika la reli, cha kukokota matishari ya mizigo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka Agosti 1914, Waingereza wa Kisumu na Wajerumani wa Mwanza hawakuwa na manowari ya kweli ziwani, ndipo kila upande ukatwaa vyombo vya kiraia na kuvifunga mizinga.

Wajerumani nao walitegemea tagi, iliyoitwa Muansa. Walipoingia Kisii Septemba 1914, stima ya Waingereza, Winifred, ilipelekwa Karungu, katika ghuba ya Nyatike, ikiwa na wanajeshi, lakini ilipokabiliwa na Muansa yenye mzinga ilibidi igeuke. Iliporudi, ilifuatana na Kavirondo, nayo Muansa ikaondoka. Wakazi wa Nyatike wanapaswa kujua kwamba ghuba yao ilishuhudia jambo hilo.

Tagi hufaa kwa kazi kama hiyo kwa sababu injini yake ina nguvu kupita ukubwa wa chombo chenyewe, hugeuka mahali padogo, na inaweza kuvuta tishari lililojaa askari au kuinasua meli iliyokwama. Hata hivyo, mabati yake hayakutengenezwa kuzuia risasi, na waliokuwa chini wakilisha tanuri la boila hawakuwa na pa kujificha. Hao ndio wanaoniuma zaidi. Sanamu za ukumbusho zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928 zinawaenzi askari na wapagazi, na ni haki yao kabisa, lakini hakuna hata sanamu moja ya baharia wa ziwa.

Kwa hiyo naomba kibao kiwekwe karibu na gati, kwa Kiswahili, Kidholuo na Kiingereza, kikieleza kazi ya Kavirondo, Winifred na vyombo vingine vya reli vilivyotumikishwa vitani. Makavazi nayo yatume watu Karungu, Mfangano, Uyoma na Asembo wakusanye masimulizi kutoka kwa familia ambazo babu zao walifanya kazi melini, pamoja na picha na vyeti vya utumishi ambavyo huenda bado vimehifadhiwa masandukuni.

Msomaji wako,
Dunga, Kisumu